Barua ya wazi kwa mnaopanga bajeti ya ndege za jeshi: deni la injini liandikwe siku ileile ndege inapopangiwa kuruka

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Nawaandikia nyie mnaoshika kalamu, wizara, hazina, wabunge mnaokaa kwenye kamati ya ulinzi, na nyie makamanda wa anga ambao kila mwaka mnapeleka maombi yamekamilika mnarudishiwa nusu. Mimi ni fundi injini mstaafu, nimekaa hanga miaka 22, vidole vyangu mpaka leo vina makovu ya ule waya mwembamba wa kufungia nati zisilegee. Nina jambo moja tu la kuwaambia, nikizunguka mnivumilie maana nitarudi palepale: kila saa ndege inayoruka, injini inadai, na hilo deni lazima liingizwe kwenye bajeti siku ileile mnayoidhinisha ile saa ya kuruka. Mkisubiri mwisho mwone kimebaki nini baada ya kununua vitu vingine vyote, mmeshachelewa.

Nianze na kontena moja ambalo likinijia usiku silali tena.

Injini ya akiba ikitoka ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya karakana, inarudi imefungwa ndani ya kontena la chuma, imepakwa mafuta ya kuhifadhia, ndani kumewekwa vifuko vya chengachenga za kunyonya unyevu, na ubavuni kuna kidirisha kidogo cha kioo ambacho nyuma yake kuna kadi. Kadi ikiwa bluu ndani kukavu. Ikianza kugeuka waridi unyevu umeshaingia, badilisha vifuko. Kazi yenyewe ni hiyo tu, unapita na kalamu na fomu unachungulia kidirisha unaandika rangi unaweka sahihi unaondoka, dakika 5. Sasa sisi vifuko vikaisha stoo. Tukaandika maombi, yakarudi, tukaambiwa vile viko kwenye fungu la matumizi mengineyo na fungu lile limepunguzwa, tusubiri robo ijayo. Robo ijayo ikaja na majibu yaleyale. Mimi mwenyewe niliandika neno "waridi" kwenye ile fomu mara sita, miezi sita mfululizo, na kila mara nilimpelekea mkubwa wangu na yeye akapeleka juu, hakuna aliyelala kazini pale, karatasi zote zipo. Halafu siku moja ndege ikameza mwewe wakati wa kupaa, rubani akarudi salama lakini injini imekwisha, tukasema sawa tunayo ya akiba, tukafungua kontena. Nilishika feni nikaizungusha kwa mkono. Injini nzima ukiizungusha kwa mkono inateleza kimyakimya, inaendelea hata ukiachia. Ile ilikuwa inakwaruza. Tulipoifungua tukakuta beringi ina vidoti vya kutu kama punje za pilipili manga, imekwisha, ikabidi irudishwe ovahoo tena, injini ambayo haikuwa imeruka hata dakika moja tangu ilipotoka huko.

Waheshimiwa, vile vifuko ndio kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye stoo nzima. Na ndege ilikaa chini mwaka na miezi.

Naomba msikimbilie kusema hilo ni tatizo la stoo. Stoo walifanya kazi yao. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi zenu injini ni kitu kinachonunuliwa mara moja kikaisha, kumbe injini ni kitu kinachokula kila siku hata kikiwa kimelala ndani ya boksi.

Ngoja niwaeleze inavyokula, maana naona wengi mnaopitisha haya mafungu hamjawahi kuangalia ndani ya injini na si kosa lenu, nani angewaonyesha. Kule nyuma ya chumba cha kuunguzia mafuta kuna bledi za turbaini, yaani vipanga vinavyozungushwa na gesi ya moto, ndogo tu, nyingine hazizidi kiganja. Gesi inayozipiga kwenye injini za kisasa za kivita inapita nyuzi 1,500 za selsiasi, na ile aloi ya nikeli iliyotengenezea bledi inayeyuka kabla ya hapo. Yaani bledi inafanya kazi kwenye moto unaoweza kuiyeyusha, na inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kinachoiokoa ni vitu viwili, vitundu vidogo mno vinavyopitisha hewa ya kupoza kutoka kwenye kompresa, ile sehemu ya mbele inayokandamiza hewa, na tabaka jembamba la kama kauri lililopakwa juu yake. Mchanga na vumbi laini vikiingia vinayeyuka humo ndani vinakuwa kama kioo, vinaganda juu ya bledi, vinaziba vile vitundu, tabaka linabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na kuanzia hapo chuma kiko uchi. Ukiwa karibu na bahari ni chumvi inakula bledi za kompresa kwa mbele, ndio maana tunaosha kompresa kwa maji safi, na hayo maji na ile mashine ya kuoshea na fundi wa kuosha navyo vinataka fungu.

Hili halichagui jeshi tajiri au maskini. Marekani wenyewe na pesa zao zote liliwakuta kwenye ndege yao ya kivita ya F-35. Tabaka la bledi za injini yake, F135, lilikuwa linachakaa mapema kuliko walivyopanga hasa kwenye joto na mchanga, injini zikaanza kushushwa kwenye ndege kabla ya wakati, karakana yao kubwa ya pale Tinker, Oklahoma ikazidiwa, na wakaguzi wa bunge lao wakaripoti kwamba mwanzoni mwa 2022 ndege zaidi ya 30 zilikuwa haziwezi kuruka kwa sababu ya injini. Ndege ya kisasa kuliko karibu zote duniani, mwili mzima, rubani yupo, mafuta yapo, kinachokosekana ni injini iliyotengenezwa. Tena hao hao wakaguzi mwaka huohuo waliangalia aina 49 za ndege za jeshi lao kwa miaka ya 2011 mpaka 2021, wakakuta aina 4 tu ndizo zilizofikia lengo la utayari kwa zaidi ya nusu ya miaka ile. Na wamesema kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 70 ya gharama ya maisha yote ya silaha inakuja baada ya kununua, kwenye kuendesha na kutunza. Asilimia 70. Sasa mimi najiuliza, kwenye vikao vyenu vya kununua ndege mpya, muda mnaotumia kujadili hiyo 70 ni kiasi gani?

Nirudi kwenye hesabu maana hapa ndipo pesa inapotea bila mtu kuiiba.

Chukueni kikosi cha ndege 12, kila moja ina injini 2, jumla 24. Tuseme kila ndege inaruka masaa 200 kwa mwaka na kila injini inatakiwa kushuka kwenda ovahoo ikifikisha masaa 1,000. Zidisha 24 kwa 200 ni 4,800, gawanya kwa 1,000, unapata karibu injini 5 kila mwaka. Na hizo ni za ratiba tu, hujahesabu mwewe, hujahesabu jiwe lililovutwa kutoka kwenye njia ya kurukia, wala beringi iliyoanza kumwaga chuma kwenye oili. Sasa injini ikienda ovahoo ikakaa mwaka mzima ndio inarudi, maana yake muda wote injini 5 haziko nyumbani. Mna akiba ngapi? Wengi wana 2. Basi mmepungukiwa 3, na injini 3 zikipungua ndege 2 zinalala, kila siku, mwaka mzima, na mishahara ya marubani wake inaendelea. Halafu punguzeni ule mwaka mmoja uwe miezi 6. Injini zilizoko nje zinakuwa mbili na nusu hivi, akiba yenu ileile ya 2 inakaribia kutosha. Hamjanunua injini hata moja, mmenunua muda.

Na huo mwaka unaliwa na nini? Kwa niliyoyaona mimi kazi ya mikono yenyewe, kufungua, kusafisha, kupima, kubadilisha, kufunga na kujaribu, ni wiki kadhaa. Kilichobaki chote ni kusubiri. Injini inasubiri barua ya kuruhusu isafirishwe, inasubiri malipo ya awali, inafika kule inafunguliwa wanagundua kitu ambacho hakikuwa kwenye mkataba wanaandika bei ya nyongeza, ile bei inarudi huku inazunguka meza saba kutafuta sahihi, injini iko vipandevipande kwenye rafu ya watu huko inasubiri sahihi. Nilishawahi kuona nyongeza ndogo kabisa, ya seti ya sili za kuzuia kuvuja na beringi moja, inapigwa danadana miezi mitano. Wekeni utaratibu kwamba nyongeza iliyo chini ya kiwango fulani inasainiwa na mkuu wa uhandisi wa kikosi peke yake ndani ya siku 10, akosee awajibike yeye, mtaona ndege zinainuka.

Kingine ni ule mtindo wa pesa kutoka mwishoni mwa mwaka wa fedha. Miezi tisa tunaambiwa hamna, halafu wiki nane za mwisho zinashuka kwa mkupuo na lazima ziishe la sivyo zinarudi hazina. Sasa bledi za turbaini na diski, yale magurudumu yanayoshika bledi, hazikai dukani zikisubiri mteja, zinaagizwa, zinasubiwa na kufuliwa na kupimwa kwa zamu, unaweza kungoja mwaka na zaidi kuipata. Ukiwa na wiki nane utanunua nini? Utanunua kilichopo. Stoo inajaa filta za kutosha miaka sita na pampu ya mafuta unayoihitaji haipo. Na hapo hapo ndipo dalali anapoingia na kipuri kilichofungwa vizuri lakini karatasi zake hazieleweki zilikotoka, na afisa manunuzi ana siku tatu kabla ya mfumo kufungwa. Kipuri cha injini bila historia yake si kipuri, hujui diski ile imeshazunguka mara ngapi kwenye maisha yake. Kwa hiyo ombi langu hapa liko wazi kabisa: fungu la injini liwe la miaka mitatu au mitano, lisirudi hazina tarehe ya mwisho wa mwaka, na lisiguswe kwa ajili ya kitu kingine hata kama kuna sherehe ya taifa.

Mnapolipanga hilo fungu msihesabu masaa peke yake. Diski zinahesabiwa kwa mizunguko, injini ikiwashwa ikapandishwa nguvu mpaka mwisho ikashushwa huo ni mzunguko, na ndege ya mafunzo ya kivita inayopanda na kushuka gesi kila dakika inaimaliza injini kuliko ndege ya mizigo inayokwenda mwendo mmoja masaa manne. Waulizeni watu wa mipango wa vikosi, wanazo hizo namba, tatizo huwa haziulizwi. Ukizijua mapema unaweza hata kupanga injini kama ngazi, hii ina masaa 900, hii 700, hii 500, zishuke moja moja. Injini zilizonunuliwa pamoja zikaruka sawasawa zote zitadai ovahoo mwaka mmoja na hakuna karakana itakayozimeza. Tulikuwa na bwana mmoja wa mipango ana chati yake ukutani ya ngazi hiyo, ameichora kwa penseli ili aweze kufuta, kazi nzuri sana. Akiba ilipokwisha chati ikafa, kwa sababu ukikosa injini ya akiba unafunga yoyote iliyopo, ngazi inavunjika.

Sasa kuhusu kuchomoa spea.

Najua mkija kutembelea vikosi mnaonyeshwa ndege zimepangwa mstari, zimeoshwa. Ombeni kuona ile iliyoko nyuma kabisa ya hanga, imefunikwa turubai. Kila kikosi nilichofanya kazi kilikuwa nayo. Ndege hiyo ndiyo stoo ya kweli. Unahitaji pampu, unaenda kuichomoa pale, unahitaji kidhibiti cha mafuta, unaenda pale. Kwa mtu wa nje inaonekana ni ubunifu, mafundi wetu wanajiongeza, ila mimi niliyekuwa nachomoa nawaambia tulikuwa tunajimaliza. Kazi moja inakuwa kazi nne: unakitoa kibovu kwenye ndege ya kwanza, unakitoa kizima kwenye ya pili, unakifunga kizima kwenye ya kwanza, na siku spea ikija unaifunga kwenye ya pili. Kila unapofungua unaharibu sili, unachosha nyuzi za bolti, unagusa bomba ambalo lilikuwa limetulia zake, na kile kipuri ulichohamisha kimeshatumika, kimebakiza nusu ya umri wake, kitakufa mapema na utarudia. Marekani walihesabu hili jambo, kati ya 1996 na 2000 jeshi lao la maji na la anga liliripoti kuchomoa kama mara 850,000, na ikala masaa ya ziada ya mafundi kama milioni 5.3. Hayo masaa milioni 5.3 hakuna ndege mpya iliyotoka humo, ni kuhamisha tu shida kutoka hapa kwenda pale. Na fundi anayefanya hivyo usiku, mvua, kesho yake asubuhi ndege inatakiwa, ndiye huyohuyo mnayetaka asikosee.

Maana akikosea inakuwaje? Mnajua inakuwaje. Tarehe 10 Julai 2017 ndege ya KC-130T ya wanamaji wa Marekani ilikatikia angani juu ya Mississippi, watu 16 wakafa. Uchunguzi ulikuta bledi moja ya propela ilikuwa na kutu, na kutu ile haikuondolewa vizuri bledi ilipopita karakana kubwa ya matengenezo mwaka 2011. Miaka sita kutu ilikaa mle ikakuza ufa taratibu mpaka bledi ikang'oka ikapasua mwili wa ndege. Miaka sita waheshimiwa. Kama kuna aliyepunguza muda au watu au vifaa kwenye meza ile ya ukaguzi, hakuona matokeo mwaka ule wala uliofuata, vitabu vyake vilifunga vizuri tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 2018, ndege ya WC-130H ya walinzi wa anga wa Puerto Rico ikaanguka Savannah, Georgia mara baada ya kupaa, watu 9, na ilikuwa safari yake ya mwisho inapelekwa kustaafishwa. Kwenye ajali ile rubani naye alikosea kuimudu ndege baada ya injini namba 1 kuzingua, ripoti imesema hivyo na siwezi kuificha, lakini imesema pia kwamba mafundi hawakuugundua na kuutengeneza ule ubovu wa injini ipasavyo kabla haijaruka. Mimi nikisoma hapo naona watu wenzangu. Ndege imezeeka, inaondoka kesho, kila mtu anataka iondoke.

Na Uingereza, tarehe 2 Septemba 2006, ndege ya Nimrod namba XV230 iliungua angani Afghanistan ikaua watu 14, mafuta yalivuja yakakutana na bomba la hewa moto inayotoka kwenye injini. Wakili Charles Haddon-Cave aliyeandika ripoti ya ajali hiyo mwaka 2009 hakuishia kwenye bomba, alipanda mpaka kwenye ofisi, akaeleza jinsi shinikizo la kubana matumizi na kupanguapangua idara miaka ya nyuma yake lilivyowafanya watu waangalie pesa wakaacha kuangalia usalama. Hii ndiyo ripoti ambayo ningependa kila anayepunguza fungu la matengenezo aisome kwanza. Baada yake ndipo Waingereza wakaunda mamlaka ya kusimamia usalama wa anga wa kijeshi, 2010, watu 14 wameshazikwa.

Niwape na hii ya kwangu. Saa nane usiku niko chini ya injini na boroskopu, ile kamera ya kwenye waya unaoingiza kwenye tundu la ukaguzi, mwenzangu anazungusha rota kidogo kidogo mimi naangalia bledi moja moja. Moja ina ufa umeanzia kwenye kitundu cha kupozea ukingo wa mbele. Naupima, umepita kikomo cha kitabu, kidogo tu lakini umepita. Namwita bosi. Bosi anaangalia, hasemi ni mzima, yule alikuwa mtu mwadilifu, ananiuliza tu kwa upole, "Fundi, hebu pima tena." Napima tena. Anaita mwingine apime. Tukapima watu watatu, ufa uleule. Kwa nini alitaka tupime mara tatu? Kwa sababu akiba ilikuwa haipo, ile ya kontena ilikuwa bado iko ovahoo inasubiri malipo, na kesho yake ndege ilikuwa inatakiwa. Hakuna aliyemlazimisha mtu kusaini uongo. Lakini mle hanga saa nane usiku watu watatu tulikuwa tunatamani kwa mioyo yetu yote ufa upungue urefu. Sikuweka sahihi, ndege ikabaki, na sijui kama kijana wa mwaka wa pili angekuwa peke yake angeweza kusimama pale. Akiba ikiwepo hata hicho kishawishi hakizaliwi, unashusha injini unapandisha nyingine unaenda kulala.

Kuhusu watu nitasema kidogo ingawa ningeweza kuandika barua nyingine. Fundi wa kuaminiwa peke yake na boroskopu hapatikani kwa kozi ya miezi mitatu, ni miaka, na anapoiva mashirika ya ndege ya kiraia yanamchukua. Kwenye bajeti mnaandika mafunzo ya marubani kwa kalamu nzito na mafunzo ya mafundi yanakuwa ya kwanza kukatwa. Mashine za kupimia nazo hivyohivyo. Oili ya injini inachukuliwa sampuli kidogo inapelekwa maabara kuangalia imebeba chuma gani, chuma cha beringi kikianza kuongezeka unajua mapema kabla beringi haijapasuka, kipimo kizuri mno na ni rahisi. Ila kama mashine ya maabara imeisha muda wa kuhakikiwa na mkataba haujalipwa, majibu yanarudi baada ya wiki tatu, na ndege imesharuka wiki zote tatu. Spana za kupimia mkazo zilezile, zisipohakikiwa kila bolti uliyoikaza ni ya kubahatisha.

Wapo watakaosema ulinzi hausubiri, adui hasubiri, tununue kwanza ndege matengenezo yatajipa. Naelewa woga huo na siudharau. Ila ndege isiyo na injini haimtishi adui yeyote, na adui mwenye akili anahesabu zinazopaa, haangaiki na zilizopaki.

Kwa hiyo mkataba wowote wa kununua ndege usisainiwe kama haujaambatana na injini za akiba kwa hesabu kama ile niliyoonyesha juu, vifaa vya kupimia, na mahali injini itakapofanyiwa ovahoo pamoja na muda wake kwa siku. Kamati ya bunge ipewe kila robo namba tatu tu, hata kama ni kwa siri: injini ngapi ziko tayari, ngapi ziko nje na zimekaa siku ngapi, na spea ngapi zimechomolewa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Hiyo ya tatu ndiyo isiyodanganya, ikipanda jueni stoo imekauka hata kama ripoti nyingine zote zinapendeza. Mkuu wa kikosi apewe kijifungu kidogo cha kununua papo hapo vile vitu vidogo, vifuko, sili, filta, betri za kamera, bila kuzunguka meza saba. Na mkikata fungu la injini kateni na masaa ya kuruka kwa kiwango kilekile siku hiyohiyo kwa maandishi, ili aliyekata aweke sahihi yake kwenye vyote viwili, asimwachie fundi deni la kulilipa usiku.

Kikao cha bajeti kinachokuja, mkifika kwenye mstari wa matengenezo ya injini, naomba kabla hamjaukata mmuite fundi mmoja kutoka hanga, cheo chochote, aje na fomu zake za ukaguzi wa makontena ya injini za akiba. Msimuulize maswali magumu. Mwambieni asome tu rangi za kadi, mwezi baada ya mwezi.

Wenu katika kazi,
Fundi injini mstaafu